Mshauri nasaha ni nani, na humsaidiaje mtu aliyejeruhiwa moyoni?



Wagonjwa wengi wanaofika kwa daktari wa kawaida huwa na malalamiko ambayo hayaonekani kwa hadubini ya maabara. Mmoja atakuambia moyo wake unakwenda mbio bila sababu. Mwingine atasema kichwa kinamuuma tangu mwaka jana, au kifua kinambana, au halali usiku. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa shinikizo la damu, liko sawa. Anapewa vidonge vya maumivu, anakwenda zake, na baada ya wiki mbili amerudi. Ukimuuliza polepole, "Na nyumbani kukoje?" ndipo machozi yanapomtoka.

Mtu wa namna hii anamhitaji daktari, lakini mara nyingi anamhitaji zaidi mshauri nasaha. Taabu ni kwamba wasomaji wengi hawamjui mshauri huyo. Kuna wanaodhani ni mtu wa kutoa mawaidha. Kuna wanaodhani ni daktari wa wendawazimu, na kwamba anayekwenda kwake ameanza kurukwa na akili. Wiki hii tutaeleza mshauri ni nani, anasomea nini, anafanyaje kazi yake, na utamtambuaje aliye wa kweli. Ili somo lieleweke vizuri, tutalitazama kutoka mahali ambapo kazi hiyo ni ngumu na inahitajika mno: Garsen, katika kaunti ya Tana River.

Kwa nini Garsen?

Garsen ni mji mdogo ulio karibu na Mto Tana, kwenye barabara ya kutoka Malindi kuelekea Lamu na Garissa. Mto huo ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na ndio uhai wa wakazi wa huko. Wapokomo hulima kandokando yake mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei hufuga ng'ombe, na wakati wa kiangazi mifugo yao hutegemea njia za kuteremkia mtoni, ziitwazo malka. Shamba likiziba malka, au ng'ombe wakiingia shambani, ugomvi huwa umeanza.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 ugomvi huo uligeuka kuwa mauaji. Mnamo Agosti 22, 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri na watu wapatao 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 zamu ilikuwa ya Kilelengwani, ambako watu 38 walikufa, polisi wakiwa miongoni mwao. Desemba 21 karibu watu 40 waliuawa huko Kipao. Mashambulizi yalipotulia, waliouawa walikuwa wamepita 150, na maelfu walikuwa wamekimbia makwao. Pande zote mbili zilizika watoto wao.

Juu ya hayo kuna mto wenyewe. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya 2023 na 2024 yalibeba nyumba na mazao. Katikati yake, ukame wa 2020 hadi 2022 uliangamiza mifugo. Mtu wa delta ya Tana anaweza kufiwa, kufukuzwa na kufilisika katika maisha mamoja, na asipate hata siku moja mtu wa kumuuliza, "Unalala vipi?"

Je, kila aliyeona maovu huugua?

La. Ni vyema jambo hili lieleweke mapema. Kulia, kukosa usingizi, kushtuka na kukosa hamu ya chakula katika majuma ya kwanza baada ya msiba si ugonjwa. Ni namna moyo unavyojitahidi kulimeza lisilomezeka. Wengi hupona wakiwa na jamaa zao, ibada zao na kazi zao.

Lakini wapo wasiopona. Baada ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kulipuliwa kwa bomu Agosti 7, 1998, ambapo watu 213 walikufa, wataalamu wa Kenya waliwachunguza manusura zaidi ya 2,800. Asilimia 35 kati yao walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe. Ni kusema kwamba mtu mmoja katika kila watatu alibeba jeraha ambalo bandeji haikulifikia.

Muone mtaalamu ikiwa dalili hizi zimepita mwezi mmoja na zinaharibu kazi au maisha ya nyumbani:

1. Tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto au kwa picha machoni mchana kweupe.

2. Mtu anakwepa mahali, watu au mazungumzo yanayomkumbusha. Mkulima hataki tena kufika shambani kwake, ijapokuwa njaa inamwuma.

3. Anashtuka kupita kiasi. Mlango ukigongwa usiku, yuko chini ya kitanda.

4. Ana huzuni isiyoondoka, hapendezwi na lolote, na anaona maisha hayana maana. Hii yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi.

5. Ameanza kutegemea pombe, miraa au vidonge ili apate usingizi au asahau.

Kwa watoto, angalia kama aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, kama hamwachi mama hata dakika moja, au kama mchezo wake wa kila siku ni kuchoma nyumba na kuzika watu.

Mshauri anatoka wapi?

Watu hawa huchanganywa, basi tuwatenganishe. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo, naye anaruhusiwa kuandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea chuoni jinsi akili na tabia zinavyofanya kazi, naye hupima na kutibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha amefunzwa kumsaidia mtu kwa mazungumzo yenye utaratibu, wala haandiki dawa. Kisha wapo wahudumu wa afya wa jamii, ambao hupita nyumba kwa nyumba na aghalabu ndio wa kwanza kugundua kwamba fulani hatoki tena nje.

Katika Kenya, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inataka kila anayefanya kazi hii awe amesajiliwa na Bodi iliyoundwa na sheria hiyo. Kwa hivyo, kumwuliza mshauri cheti chake si utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga.

Masomo yake huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni elimu ya darasani: jinsi mtoto anavyokua, jinsi watu wanavyoomboleza, dalili za magonjwa ya akili, na maadili ya kazi. Ya pili ni mazoezi, ambapo mwanafunzi huzungumza na wateja huku mkufunzi akimwangalia na kumsahihisha. Ya tatu ni kazi juu ya nafsi yake mwenyewe. Mshauri mzuri naye hukaa mbele ya mshauri mwingine, akayachambua machungu yake, ili asije akayamwaga juu ya mteja. Hata baada ya kuhitimu huendelea kukutana na msimamizi. Mtu asikilizaye habari za mauaji kutwa nzima bila pa kuzitua, ataugua yeye.

Awe wa kwetu au mgeni?

Hapa ndipo Garsen inapotufundisha jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mshauri ana nasaba, ana lugha, ana jina. Huko Tana, jina tu latosha kumwambia mteja kama huyu ni mtoto wa "wale" au wa "wetu". Mama Mpokomo aliyempoteza mwanawe atamfungulia moyo kijana Muorma? Na mzee wa Kiorma aliyechomewa boma, atasema yote mbele ya mtoto wa Kipokomo?

Jibu rahisi lingekuwa kila mtu apewe mshauri wa kabila lake. Jibu hilo lina faida: lugha. Kipokomo ni cha jamii ya Kibantu na Kiorma ni cha jamii ya Kikushi, na mtu hulia kwa lugha ya mama yake. Kiswahili kitamwezesha kueleza kilichotokea, lakini huenda kisitoshe kueleza jinsi kilivyomchoma. Hasara yake ni kwamba mshauri wa kwenu aweza kuwa amefiwa katika shambulio lilelile, na akajikuta anachochea hasira badala ya kuituliza. Tena katika mji mdogo yeye ni shemeji wa mtu au jirani wa mtu, na mteja ataogopa siri yake itafika sokoni kabla yake.

Mgeni kutoka Nairobi au Mombasa hana jamaa hapo, na hilo humpa mteja nafuu. Lakini mgeni hukaa wiki moja akaondoka, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyejua malka ni nini atamwuliza mfugaji maswali yatakayomchosha.

Kwa hivyo, lililo muhimu si kabila la mshauri bali ni mambo mawili: kama mteja amepewa nafasi ya kuchagua, na kama mshauri anajua asili yake inaingia naye chumbani. Mshauri aliyefunzwa vyema hulitaja jambo hilo waziwazi mwanzoni: "Unaona jina langu, unajua ninakotoka. Kama hilo linakuzuia kusema, niambie, nitakutafutia mwingine." Maneno hayo machache yaweza kufungua mlango ambao shahada tatu hazingeufungua.

Anafanyaje kazi?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliyeishi kati ya 1902 na 1987, ndiye aliyeweka msingi ambao washauri wengi wanautumia hadi leo. Alifundisha kwamba mtu hubadilika akipata msikilizaji mwenye sifa tatu: anajitahidi kuona mambo kwa macho ya mteja, anamheshimu bila masharti, na ni mkweli, hajifanyi. Kwa Mswahili hili si geni. Tunajua tofauti ya jirani anayekuja matangani akakaa kimya karibu nawe, na yule anayekuja na hotuba.

Siku ya kwanza mshauri hujitambulisha, hueleza elimu yake, na huweka mapatano. Mtakutana kwa muda gani, kwa kawaida kama saa moja. Mara ngapi. Na siri italindwaje. Atakuambia pia mipaka ya siri: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukipanga kumdhuru mtu, au mtoto akiwa anadhulumiwa, atalazimika kumhusisha mwingine. Asiyeitaja mipaka hiyo hakusoma vizuri, au hataki kuitimiza.

Baada ya hapo kazi huwa ya kusikiliza, kuuliza, na kurudisha alichosikia ili mteja ajisikie mwenyewe. Chukua mfano wa mama anayesema, "Ningeamka mapema siku ile, wanangu wangekuwa hai." Jirani atamwambia, "Usiseme hivyo, ni mapenzi ya Mungu." Mshauri hataanza kwa kumkatiza. Atamwuliza usiku ule ulikuwaje, alikuwa anajua nini wakati ule, na nani aliyeshika panga. Polepole mama ataona mwenyewe kwamba lawama anayoibeba ni ya mtu mwingine. Hakuambiwa, amefika kwa miguu yake.

Kisha huja hatua za vitendo. Shirika la Afya Duniani limetayarisha utaratibu wa mikutano mitano, wenye mambo manne: kupumua polepole ili mwili utulie, kuchagua tatizo moja linaloweza kutatuliwa na kulivunja vipande vidogo, kurudia shughuli zilizoachwa hata kama moyo hautaki, na kuwarudia watu wanaoweza kukusaidia. Utaratibu huo ulijaribiwa jijini Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliokuwa wamewahi kudhulumiwa, na waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo mafupi na kusimamiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba waliopitia mikutano hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakutumia majina ya kizungu ya magonjwa. Walitumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, sawasawa na sisi tusemavyo "ana mawazo mengi". Utafiti wa watu 573 mjini Harare uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kati ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya wengine.

Mambo haya yanatupa matumaini. Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika hesabu ya 2019, waliotawanyika katika eneo kubwa lenye barabara mbovu, na mabingwa wa akili wengi nchini wamejazana Nairobi. Tukingoja kila kijiji kipate bingwa, tutangoja sana. Lakini mwanamke mwenye busara wa Ngao au Tarasaa, akifunzwa na kusimamiwa vyema, anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Mambo asiyopaswa kufanya

Mshauri hamlazimishi mtu kusimulia. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya maafa kila mtu aketishwe upesi asimulie alichoona, ili "akitoe". Utafiti umeonyesha kwamba hilo halizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halilipendekezi. Siku za kwanza mtu anahitaji usalama, maji, chakula, blanketi, habari za jamaa zake, na mtu mpole wa kuwa karibu.

Mshauri hamlazimishi mtu kusamehe. Baada ya mapigano ya Tana, wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma walihusishwa katika mazungumzo ya kuleta suluhu, na kazi ya namna hiyo inastahili heshima. Lakini amani ya baraza na amani ya usingizi ni vitu viwili. Wazee wakishikana mikono, mjane hajapata usingizi kwa hilo. Akiambiwa, "Mbona wenzako wamesamehe?" ataongezewa aibu juu ya uchungu. Msamaha ukija, utoke ndani yake na kwa wakati wake. Wala baraza lisidhani limemaliza: jeraha la moyo lisilotibiwa ndilo kuni za ugomvi ujao.

Mshauri hahubiri dini yake, hakopi wala kukopesha mteja, hana mapenzi na mteja, na hakuzuii kumeza dawa ulizoandikiwa na daktari.

Maswali ya kumwuliza mshauri

Iwe uko Garsen, Kayole au Likoni, kabla hujamkabidhi mtu moyo wako muulize haya:

1. Ulisomea wapi, na umesajiliwa?
2. Nani anakusimamia?
3. Siri yangu utaitunzaje, na mipaka yake ni ipi?
4. Unatumia njia gani, na tutajuaje kwamba nimepata nafuu?
5. Ikiwa tatizo langu limekuzidi, utanipeleka kwa nani?

Mwenye kazi yake hatakasirika. Akikujibu kwa ukali, au akakuahidi kukuponya kwa siku moja, shika njia yako.

Usingoje katika hali hizi

Mtu akisema anataka kufa, akianza kugawa vitu vyake, akisikia sauti wasizosikia wengine, au akiacha kula na kulala kabisa, asiachwe peke yake. Ondoa kamba, sumu ya wadudu na vyombo vya makali, kisha mpeleke hospitali. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Aghalabu humpunguzia mzigo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyotozwa pesa, 1199. Tena aliyejaribu kujiua asifichwe kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfanya mtu huyo mhalifu kunapingana na Katiba. Yeye ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa kwa daktari.

Mnamo 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliipendekezea serikali itangaze hali ya afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa, na marekebisho ya sheria ya 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo. Kwa hivyo, mwananchi anayemwuliza mwakilishi wake, "Hospitali yetu ina mshauri?" haombi hisani. Anaidai haki yake.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya moyo nayo ni maradhi. Kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye hajalala vizuri tangu mwaka uleule wa msiba, anza leo kwa jambo dogo: kaa karibu naye, zima redio, muulize analala vipi, kisha unyamaze umsikilize. Halafu mtafutie mshauri.